Goti la Mgeni

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikiambiwa mvua inakuja, natoka nje kuitazama mwenyewe. Nikiambiwa mtoto hana kitu, nauliza mara ya pili. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nilistahili kuwa polisi, si mpiga picha wa mifupa. Basi siku ile Restituta Akonaay aliposimama ndani ya pete ya Kurunzi, mashine yetu ya kupima magoti, na kioo cha ukutani kikaonyesha goti safi kabisa, sikukiangalia kioo. Niliangalia mdomo wake. Alikuwa ameuma mdomo wa chini kwa nguvu zote.

"Linauma wapi?" nikamuuliza.

"Haliumi, dokta."

"Sijakuuliza kama linauma. Nimekuuliza wapi."

Akainamisha kichwa. Kurunzi haikungoja jibu. Pete ikapanda hadi pajani, ikashuka, na ile sauti yake ya upole ikasema, "Goti zima. Kibali kimetolewa." Kikuku cha mguuni mwake kikawaka kijani, rangi ya ruhusa ya kukimbia. Nje ya mlango, wenzake waliokuwa kwenye foleni wakapiga makofi, maana ndiyo desturi yao, kijani ya mmoja hushangiliwa na wote.

Nikamkalisha mezani. Nikashika kisigino kwa mkono mmoja, goti kwa mkono mwingine, nikaukunja mguu taratibu. Ulikunjika vizuri. Nilipotaka kuunyoosha, ukakataa. Ulikwama katikati, kisha kitu kikateleza chini ya kidole gumba changu na mguu ukafunguka. Machozi yalimtoka Resti yenyewe.

"Lilianza lini?"

"Dokta," akasema, "si imesema kijani?"

Kituo chetu cha wakimbiaji cha Gidamur kiko juu kwenye nyanda za Mbulu, ambako hewa ni nyepesi na mtoto hukimbia hata asipotumwa kwa haraka. Mijini siku hizi goti likichoka hakuna anayelibembeleza. Unapandikizwa la kiwandani, na baada ya wiki unapanda ngazi. Ndiyo maana dunia imeshikwa na hamu ya kuona watu wakikimbia kwa magoti waliyozaliwa nayo, na Mbio za Asilia hazimpokei mwingine. Ukiwekewa hata skrubu moja ndogo, umekwisha. Mkaguzi wao, Bi. Thuwaiba, huja kila mwaka kuchagua watoto, na kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe anatembelea magoti ya kiwandani, yote mawili. Mwaka jana alituambia wakati wa chai, huku akiyapigapiga kwa kiganja: "Yangu ya kuzaliwa nayo yalinishinda, wanangu. Nyinyi yatunzeni hayo." Watoto walicheka mpaka wakamwaga chai.

Jumamosi ya wiki iliyofuata alikuwa aje tena, na jina la Resti ndilo lililokuwa midomoni mwa kila mtu.

Kocha Margwe akachungulia mlangoni. Ni mwanamume mrefu, mpole wa sauti, na sijui mtu anayewapenda wale watoto kumshinda. Hilo nalo lilinitia shaka, maana mapenzi hupofusha.

"Mama Amsi, Kurunzi imesemaje?"

"Kijani."

"Basi mwachie, wenzake wanangoja."

"Goti limekwama mkononi mwangu, Kocha."

"La huyu? Huyu anadeka tu. Ukoo wao wote ndivyo walivyo, ukiwagusa wanalia." Akamkonyeza Resti. Resti akacheka, akaruka kutoka mezani, akatua kwa mguu mmoja. Nikaona ni mguu gani alioutumia kutua.

*

Kwanza nilimshuku Kocha. Funguo za chumba cha Kurunzi zilikuwa kwake pia, kwa hiyo nikabadilisha kufuli bila kumwambia. Picha zikaendelea kutoka safi. Kisha nikawashuku mafundi waliokuja kuisafisha mashine baada ya masika. Nikafungua kifuniko, nikafuata kila waya kwa kidole, nikaifunga tena. Haikuwa na kasoro. Kilichobaki kilikuwa kuishuku picha yenyewe, na hapo niliogopa.

Wengi hawajui kwamba Kurunzi haipigi picha ya goti lote. Mashine za zamani zilimlaza mtoto ndani ya bomba lenye kelele, akae bila kutikisika mpaka zimalize, na bei yake ilikuwa ya hospitali za mjini tu. Kurunzi inaonja. Inachukua vipande vichache vya goti, halafu sehemu iliyobaki inaijaza kwa kukumbuka magoti iliyofundishwa, kama mpishi anayeonja kijiko kimoja akajua sufuria nzima ina chumvi kiasi gani. Ni akili nzuri sana. Lakini mpishi huyo sharti awe amewahi kuonja chakula kilichochacha, la sivyo hatakitambua siku kikimfika ulimini.

Jumapili kituo chote kilipokwenda misani, nilimzuia Resti. Tukaingia stoo, tukasogeza magunia ya mahindi, tukaiburuta ile mashine ya eksirei ya tangu enzi za bibi yake. Nilikuwa nimeihifadhi kwa sababu mimi ndivyo nilivyo, situpi kitu kinachosema kweli. Nikamvalisha eproni ya risasi ya kuzuia mionzi, ikamfika miguuni.

"Nisimame wapi?"

"Husimami. Lala, ukunje goti juu ya huu mto. Kurunzi inawasimamisha mguu umenyooka. Kuna ugonjwa unaojificha mguu ukinyooka."

Picha ilipotoka sikuhitaji miwani. Kwenye ncha ya mfupa wa paja, upande wa ndani, palikuwa na kipande kidogo mfano wa harage, kimezungukwa na mstari mweusi. Mfupa ule ulikuwa umekosa damu na ulikuwa unajitenga na mwenzake. Bila shaka kwa juu kipande bado kilikuwa kimeshikiliwa na gegedu, ule utando unaofanya mifupa iteleze bila kusuguana.

"Hiki hapa," nikamwonyesha. "Hiki ndicho kinachokukwamisha."

"Kitapona?"

"Wewe bado unakua. Unaona hii mistari miwili ya ukuaji, hapa na hapa? Humu ndimo mtoto hurefukia, na kwako bado iko wazi. Ukipumzika sasa, hata miezi kadhaa, kuna matumaini makubwa kipande kijishike chenyewe. Ukiendelea kukimbia kitang'oka, kitazunguka humo ndani na kusaga kila kitu. Hapo ni goti la kiwandani, na kwa umri wako watakubadilishia kila ukirefuka."

Kengele ya kanisa ikalia, watu wakaanza kutoka.

"Dokta, tafadhali usiseme. Jumamosi nikimbie tu. Baada ya hapo nitapumzika mpaka uchoke wewe."

"Na kikikatika Jumamosi?"

"Hakitakatika. Nitakanyaga vizuri."

Nilitamani kumpiga kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Nikamtuma jikoni akanywe chai.

Nilipobaki peke yangu nikafanya jambo ambalo ningelifanya zamani kama si uvivu. Nikaingia chumba cha Kurunzi, nikakunja kanga, nikasimama ndani ya pete. Goti langu la kulia nalijua. Linalia kwenye ngazi, linavimba baridi ikizidi, na gegedu yake iliisha kabla mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa. Pete ikapanda, ikashuka.

"Goti zima," ikasema Kurunzi. "Kibali kimetolewa."

Kwenye kioo palikuwa na goti la msichana. Gegedu nene na nyororo, nafasi safi kati ya mifupa, na mistari miwili ya ukuaji iliyo wazi, mimi bibi mwenye wajukuu! Nakiri kwamba kwa kitambo kidogo nilifurahi. Nililitazama lile goti nikasema, kumbe. Kisha nikatoka kwenye pete, goti langu likalia kama kawaida yake, nikaenda kumtafuta Kocha.

*

Kocha alikuwa uwanjani akipanga mawe ya kuonyesha njia. Nikamweleza yote, la Resti na la kwangu. Alisikiliza huku ameshika jiwe mkononi.

"Haiwezekani. Hii mashine ilifundishwa hapahapa, kwa watoto wetu wenyewe. Nilikuwepo."

"Ilifundishwa kwa watoto gani?"

Akatabasamu, maana ni habari aliyokuwa akiipenda. "Walikuja wageni wakasema wanataka watoto wa hapa, wa kila aina, mashine iyajue magoti ya milimani. Mkutano wa kijiji ukakaa. Mgeni ametoka mbali kuja kutazama watoto wetu, tumpe nini? Mgeni humpi utumbo, unampa paja. Tukachagua wale wazuri, waliokuwa wakishinda. Tukawaogesha, tukawapaka mafuta. Wale wenye kuchechemea tukawapeleka kwa ndugu zao bondeni mpaka wageni wakaondoka. Tuliwachinjia na kondoo. Walishukuru sana."

"Walisema wa kila aina, Kocha."

"Kila mgeni husema hivyo. Ukiingia nyumbani kwa mtu utasema, nileteeni chochote. Ni adabu tu. Nani atamletea chochote kweli?"

Alipomaliza kusema hivyo tabasamu likamtoka usoni. Akaliweka jiwe chini.

Niliyaona yote kwa mara moja. Kurunzi haikuwahi kuona goti gonjwa la mlimani. Kila mahali isipoelewa, ilijaza kwa kumbukumbu ya wale mabingwa waliopakwa mafuta. Hakuna aliyekula rushwa wala aliyechezea nyaya. Kijiji kilimkirimu mgeni, na ukarimu wenyewe ndio uliokuwa umewafunga watoto vikuku vya kijani. Wiki nzima nilitafuta mwizi, na sasa sikuwa na wa kumkamata.

"Nikiripoti," nikasema, "watazima vikuku vyote."

"Vyote. Mpaka kila mtoto apelekwe mjini akalazwe kwenye lile bomba. Msimu utapita. Na maji ya bomba hapa ni ya Mbio, shule ni ya Mbio, hata mshahara wako." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa kubembeleza. "Mama Amsi, mtoe Resti. Tutasema ana homa. Apumzike, apone, mwaka ujao akimbie. Wengine hawana kitu. Kwa nini uwaadhibu wazima?"

"Umejuaje kwamba ni wazima?"

"Nawaona wakikimbia kila siku."

Nilimwambia nitafikiri. Kusema kweli nilikuwa nimeshakubali. Msichana angepona, kijiji kingekunywa maji, na mimi ningeendelea kushuku kimyakimya kama nilivyozoea.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuwatazama wakinywa uji. Gidamur uji wa asubuhi unaunywa umechuchumaa, mgongo ukutani, jua likikupiga usoni. Imekuwa hivyo tangu kituo kijengwe, na mtu hawezi kuliona jambo analoliona kila siku. Asubuhi ile nililiona. Katikati ya waliochuchumaa walikuwepo waliosimama, vikombe mkononi, wameegemea ukuta, wakitaniana na wenzao kwa chini.

"Mbona wewe hukai?" nikamuuliza mmoja.

"Nimeshiba kukaa, dokta."

Mwingine akasema sketi itachafuka. Wa tatu akacheka tu. Niliwahesabu mpaka vidole vya mkono mmoja vikaisha, nikaacha. Kwenye kona alisimama Alfonsia, kitinda mimba wa Kocha Margwe, amekunywa uji wake wote akiwa wima. Alipoona namtazama, aliinama polepole kujifanya anafunga kamba ya kiatu. Hakufika chini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa watoto hawakuwa wameficha kitu. Walikuwa wameamini mashine kuliko magoti yao. Hasira iliyonipanda nilishindwa kujua nimwelekezee nani.

*

Jumamosi Bi. Thuwaiba alishuka garini na baibui lake la hariri na manukato yaliyomtangulia. Nyimbo zikaimbwa. Kurunzi ilitolewa nje, kioo kikubwa kikatundikwa ukutani, wazazi wakajaa mpaka juu ya kilima. Kocha alinitazama, nikamwashiria kwa kichwa kwamba Resti yuko bwenini na ile "homa" aliyokwisha kumtajia mkaguzi. Kuhusu waliobaki, nilikuwa nimeamua kumvuta mkaguzi pembeni baada ya chai, nimnong'oneze kwa ustaarabu. Mwoga hakosi mpango.

Halafu mlango wa bweni ukafunguka. Resti akatoka amevaa nguo za kukimbilia, nywele amezichana, kikuku kinawaka. Mama yake akapiga kigelegele. Akatembea bila kuchechemea, na najua ilimgharimu nini kutembea vile, akasimama wa kwanza kwenye mstari wa kuanzia.

"Ah, huyu ndiye?" Bi. Thuwaiba akauliza. "Mashallah. Homa imeisha?"

"Imeisha, bibi," Resti akajibu, akiniangalia mimi.

Mwamuzi akanyanyua bendera. Nilijikuta nimesimama katikati ya njia.

"Bi. Thuwaiba," nikasema, "samahani. Sisi wa huku tuna adabu zetu. Mgeni hatazami tu, mgeni ndiye anayetangulizwa kuhudumiwa. Karibu kwenye pete kwanza. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Watu wakashangilia. Kocha akanyanyuka kwenye kiti. Alikuwa amenielewa. "Mama Amsi…" akaanza, lakini angesema nini? Angesimama mbele ya kijiji kizima kumnyima mgeni heshima? Akakaa polepole.

"Mimi tena?" Bi. Thuwaiba akacheka. "Bibi wee, haya yangu yataivunja mashine yenu." Lakini alikuwa mtu wa kupenda mzaha, akainua baibui kidogo, akaingia.

Pete ikapanda, ikashuka. Kioo kikajaa goti la mtoto. Gegedu nene, mifupa misafi, mistari miwili ya ukuaji iliyo wazi kabisa.

"Goti zima," ikasema Kurunzi kwa upole. "La kuzaliwa nalo. Kibali kimetolewa."

Watu walicheka kwanza. Walidhani ni mchezo tuliouandaa. Bi. Thuwaiba hakucheka. Alitazama kioo, akatazama miguu yake, akaugonga ukingo wa pete kama mtu anayebisha hodi. "La pili," akasema. La pili likatoka vilevile. Kicheko kikafa, kikaanzia mbele kufa, kikaishia kule kilimani.

"Bibi, hii ndiyo mnayowapimia watoto?"

"Ndiyo hii. Na hili hapa ni goti la huyu aliyesimama kwenye mstari." Nikaitoa picha ya eksirei chini ya kanga yangu, nikampa.

Aliitazama picha dhidi ya jua. Akamtazama Resti. Akatoa kifaa mfukoni, akakibonyeza, na vikuku vyote vya Gidamur vikazimika.

Sijui nilitarajia nini. Mama mmoja alianza kulia kwa sauti. Mtu mmoja nyuma aliniita mchawi, na mwingine akaitikia. Resti alivua kikuku chake, akaja nacho mpaka nilipokuwa, akakidondosha miguuni pangu.

"Umeniua, dokta."

Nilitaka kumwambia kwamba mguu wake bado anao, lakini nikalia tu mbele yake bila aibu.

Kocha Margwe alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kofia mkononi, akiangalia kazi ya maisha yake ilivyozimika. Nilimwona akigeuka kunijia na nikajiandaa kwa matusi. Hakufika. Binti yake alikuwa amemshika shati kwa nyuma.

"Baba," Alfonsia akasema. "Na mimi linauma."

"Nini?"

"Goti. Hili. Tangu masika."

"Tangu masika, na ukakaa kimya? Mimi baba yako? Kwa nini hukusema?"

Alfonsia akamtazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba ameulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Si ilikuwa inasema kijani?"

Kocha akapiga magoti mavumbini, akaushika mguu wa binti yake kwa mikono miwili, asijue aushike wapi. Nikapangusa macho, nikaenda kumwonyesha. Nyuma ya Alfonsia alisimama mtoto mwingine, na nyuma ya huyo mwingine, foleni ikajipanga yenyewe kama ilivyozoea, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.